Mkaguzi Aliyeolewa Butiama

Shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo nalisema mwanzoni ili usije ukasema nilikuficha. Leo hii kuanzia Kibara mpaka Butiama ukiuliza tajiri wa sangara, utaonyeshwa kirikuu zangu mbili, vile vigari vya mizigo, kabla hujamaliza kuuliza. Mizani yangu, barafu yangu, na app yangu. Watu wenye digrii zao hawana app. Mimi ninayo, na wazo lake sikuazima kwa mtu. Lilinijia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa pale mwaloni, ufukweni, mitumbwi inashusha samaki.

Aliyeiandika ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyesomea kompyuta Mwanza na sasa ana duka la kuchapisha na kutoa kopi pale Nyasho, Musoma. Anapendaga kuwaambia watu kwamba app ni ya kwake. Simkatazi. Nyumba yangu nayo sikupanga tofali hata moja, na sijasikia mtu akiiita nyumba ya fundi.

Zamani nilikuwaga na spika. Naifunga juu ya gari, naingia Bunda, naingia Butiama, napiga kelele mwenyewe: "Sangara wa Kibara, bado anahema!" App ilipoanza kufanya kazi nikaona spika ni mambo ya watu waliobaki nyuma. Nikaipeleka kanisani kwa mama mkwe wangu, kigango kimoja upande wa Nyegina, nikaikabidhi mbele ya waumini wote, halafu nikaomba niseme maneno machache. Nikasema mimi na kupiga kelele barabarani tumeachana, kuanzia leo samaki wangu wataitwa kimya kimya, kwa kidole. Watu walipiga makofi. Mama mkwe alifuta machozi. Katekista akasema maneno yale yatakumbukwa, na kweli yalikumbukwa, kupita nilivyotaka.

Sasa nieleze app inavyofanya kazi, maana ndiko kulikotokea mambo yote. Wanawake wanaokaanga samaki Bunda na Butiama wanaagiza kwa simu kabla mitumbwi haijafika. Mimi nawawekea, kirikuu inawapelekea. Lakini samaki siyo mahindi. Ukimwekea mtu asiyetokea, unabaki na harufu. Kwa hiyo pale mwaloni kwetu hakuna anayewekewa samaki kwa sababu tu amesema anataka. Anaulizwa: wewe ni wa wapi, ni wa nani, na hapa nani anakujua? Akitokea mmoja akasema "namjua," yamekwisha, umeshakuwa mtu. Asipotokea, unaambiwa siku njema.

Hayo maswali nilimwambia shemeji ayaweke kwenye ukurasa wa kwanza, yote matatu. Ukishajibu, yule uliyemtaja anapata ujumbe kwenye simu yake wenye kitufe kimoja kikubwa: NAMJUA. Akikibonyeza, unaingia. Na ndani kuna picha za wateja wote, chini ya kila mmoja imeandikwa ameletwa na nani, ili watu wajuane. Mimi mwenyewe kitufe kile sikibonyezi ovyo. Mtoto wa mjomba wangu nilimkatalia, kwa sababu nilikuwa sijamwona tangu akiwa ananyonya.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka simu za watu zilipoanza kujibadilisha zenyewe, zinajizima zinajiwasha, zinakuja na sura mpya. Baada ya hapo app yangu ikaisahau Butiama. Mwanamke anaagiza akiwa Butiama, kwangu inaandika yuko Kibara. Dereva wangu akanipigia.

"Bosi, simu inasema samaki hawa niwapeleke Kibara."

"Wewe uko wapi?"

"Kibara."

"Basi peleka."

"Nimeshafika, bosi."

Siku ya kwanza alikwenda mpaka Bunda, akageuza, akarudi Kibara na samaki wale wale, eti aliona haipendezi kulipwa safari ambayo hajaenda. Siku zilizofuata tulijaribu kuwapigia wateja mmoja mmoja tuwaulize wako wapi. Lakini mwanamke wa Butiama humpigii simu ukamwuliza "kilo ngapi" kama mnagombana. Unamsalimia, unauliza watoto, unauliza mvua, unauliza mguu wa mume wake. Ukifika kwa mteja wa sita, sangara ameshalegea.

Mwenyekiti wa wakaanga samaki wa Butiama akaniita. Ni mjane, mama mzito wa maneno, ana mabinti watupu na wote wameolewa. Ilikuwa Kwaresima.

"Tajiri, Ijumaa Kuu Butiama nzima inakula samaki," akasema. "Ikifika bado samaki wetu wanazunguka huko kwako, tunahamia kwa yule wa spika. Na tukihama haturudi."

Yule wa spika ni mtu mmoja wa Bunda. Nilipoacha kupiga kelele, alianza yeye, na maneno ni yale yale yangu, hata "bado anahema" ameichukua. Kushindana naye nilihitaji spika, na spika iko kanisani kwa mama mkwe. Nifikirie mwenyewe nimesimama mbele ya mama mkwe, nimeinamisha macho kama inavyotakiwa, namwambia Mungu abaki na kwaya yake, mimi nirudishiwe kelele zangu. Bora nife.

Shemeji akasema ni kazi ndogo, anatengeneza toleo jipya, apdeti, Butiama inarudi. Lakini app huwa haikai kwako. Inakaa kwenye duka la huko ng'ambo ambalo liko ndani ya simu, na ukibadilisha kitu chochote, kuna wakaguzi wao wanaiangalia kwanza ndipo watu waipate. Akaituma. Kesho yake akaniita Nyasho.

"Shemeji, wamekataa. Wanasema hawakuweza kupita ukurasa wa kwanza."

"Waliulizwa nini?"

"Yale yale maswali yako. Nani anawajua."

"Wakajibu nini?"

"Waliacha wazi."

"Basi app inafanya kazi."

Akaniangalia kama dada yake anavyoniangaliaga nikirudi na mbuzi nyumbani bila kusema. Nikamwambia aandike. Aanze na habari za huko, habari za familia, halafu awaeleze kwamba siyo ubaya, waseme tu ni wa wapi na ni wa nani. Kama kuna padre yeyote Mzungu wanayemfahamu aliyewahi kufanya kazi upande wa Nyegina, atatosha, huku tutaulizana. Shemeji alicheka mpaka mteja wa kopi akasogea pembeni, lakini aliandika. Wakajibu maneno yale yale ya mwanzo, nukta kwa nukta. Hata salamu hawakuitika.

Tukatuma tena, shemeji akiwa amerekebisha kitu kidogo ambacho yeye anakijua. Wakakataa tena, safari hii kwa sababu ya picha. Kule kwenye duka la ng'ambo unawekaga picha za kuonyesha app ikoje, na mimi zote nilikuwa nimeweka zangu: nimesimama na sangara, nimekaa na sangara, sangara ananizidi urefu. Wakasema picha zionyeshe app.

"Sasa mimi ni nani?" nikamwuliza shemeji.

"Wewe ni mtu amebeba samaki."

Tulibishana, tukakubaliana picha moja ibaki, nikiwa kwa mbali.

Ndipo shemeji akafanya jambo bila kuniambia. Wakaguzi walikuwa wanataka wapewe akaunti iliyokwisha kufunguliwa, waingie bila kuulizwa. Yeye akafungua moja, akaipa jina la kike, la kawaida tu, sehemu ya picha akaweka ua, na chini yake akaandika ameletwa na nani? Na mimi. Mkaguzi akaingia. Akazunguka humo ndani akiangalia kila kitu, akafika kwenye kuagiza, na labda ili aone kama kitufe kinafanya kazi, akaagiza samaki wote. Sisemi wengi. Wote wa siku ile. Bunda nzima na Butiama nzima wakafungua simu wakakuta SAMAKI WAMEISHA, na jina la aliyewachukua, na ua lake, na mimi chini yake. Halafu mkaguzi, baada ya kutumaliza hivyo, akakataa tena.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mke wangu, maana naye yumo kwenye app.

"Nani huyu umemleta?"

"Ni mkaguzi wa app."

"Mwanamke?"

"Sijui kama ni mwanamke."

"Humjui?"

"Simjui."

"Na hapa imeandikwa umemleta wewe. Wewe uliyemkatalia mtoto wa mjomba wako." Akakata simu.

Sijawahi kubanwa na sheria niliyoitunga mwenyewe kama siku ile.

Butiama wakaniita sokoni. Nilikuta wamekaa kwenye ndoo zao, makarai yamefunikwa, hakuna moto hata mmoja unaowaka, na hiyo peke yake inatisha.

"Shikamoo, mama," nikamwambia mwenyekiti.

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu, mama."

"Nimesema kaa."

Nikakaa.

"Mlete huyo mwanamke tumwone," mmoja akasema.

"Ataletwa vipi, wakati hana hata sura?" mwingine akadakia. "Mtu mwenye sura yake anaweka ua?"

Nikawaeleza yote, kwa utaratibu, maana mimi kuongea najua. Nikawaambia yuko ng'ambo, anakagua, akiridhika ndipo Butiama itarudi kwenye app.

"Yuko ng'ambo na anakula samaki wetu?"

"Hali. Anabonyeza tu."

"Anabonyeza samaki wa siku nzima halafu hali?"

"Hali."

"Huyo ana matatizo kwao," akasema mama mmoja kwa huruma kabisa.

"Mfute," wakasema wengine.

"Nikimfuta, apdeti haipiti. Isipopita, Ijumaa Kuu samaki wenu wanakwenda Kibara."

"Basi tubonyeze NAMJUA, yaishe."

Hapo nikasimama. Nikawaambia hapana. App hii imesimama kwa sababu hakuna aliyewahi kusema anamjua mtu asiyemjua. Tukianza na huyu, kesho mtu ataleta tapeli kutoka popote, sangara waozee barabarani. Niliongea vizuri sana, nasikitika hapakuwa na spika. Halafu nikaona kwamba nimejenga hoja nzuri ya kujifungia nje mwenyewe. Nikakaa tena.

Mwenyekiti alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Akakitupa.

"Nitamuoa mimi," akasema.

Msomaji wa mbali asishangae. Huku kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake, akatoa mahari, mke akaja akazaa watoto wa nyumba ile, na nyumba haifi. Tunaiita nyumba ntobu. Kwa hiyo hakuna aliyecheka kwa sababu ya kuoa. Walichouliza kilikuwa kingine.

"Mzungu, mama mwenyekiti?"

"Nyumba yangu haina mtu. Huyu naye hana kwao, hana anayemjua. Akiwa mke wangu, nani tena atauliza ni wa nani?"

"Na akiwa mwanamume je?"

Mwenyekiti akafikiri. "Tutajua akija."

"Na mahari anapokea nani?" akauliza yule wa huruma.

"Si aliyemleta? Imeandikwa."

Wakanigeukia wote. Kabla sijapata neno, jogoo mmoja mwekundu alikuwa ameshafungwa miguu na kuwekwa mapajani mwangu, kama kianzio, ng'ombe tungeongea baadaye. Moto ukawashwa. Nikiwa hapo hapo nikampigia shemeji, abadilishe pale chini ya ua, aandike: mke wa mama mwenyekiti, Butiama, na kitufe akitume kwa soko zima. Simu zikaanza kulia kila upande, na wanawake wakabonyeza NAMJUA mmoja baada ya mwingine, na mimi mwenyewe nikabonyeza, kwa moyo safi, maana sasa nilikuwa namjua. Nilipokea mahari yake.

Yule jogoo tulimla Jumapili. Mke wangu alimla kwa hasira, lakini paja lote alichukua yeye.

Kilichobaki kilikuwa sababu ya kukataliwa. Mkaguzi alisema mtu aliyeingia kwenye app lazima aweze kujifuta mwenyewe, na app yangu haikuwa na njia hiyo. Ni kweli haikuwa nayo, kwa sababu sikuwahi kuwaza jambo kama hilo. Mtu akishajulikana, utamfanyaje asijulikane? Mteja wangu wa kwanza kabisa Butiama alikuwa bibi mmoja, sasa ni marehemu. Bado yumo, picha yake anacheka, na karibu nusu ya soko imeandikwa ameletwa na yeye.

"Nikiweka kufuta, wale aliowaleta watabaki na nani?" nikamwuliza shemeji.

"Wanabaki na jina lake, shemeji. Anaondoka picha tu, na ni mpaka ajifute mwenyewe. Marehemu atabonyezaje?"

Hapo nikaridhika. Lakini nikasema mtu asiondoke hivi hivi kama mwizi. Akitaka kujifuta, aulizwe kwanza amekosewa na nani. Halafu aliyemleta apate ujumbe, aende akaongee naye, na akishindwa kabisa abonyeze NIMESHINDWA KUMBAKIZA, ndipo afutike. Shemeji akaniambia watakataa. Nikamwambia atume.

Wakakataa. Wakasema mtu anayetaka kuondoka asizuiwe. Nilikasirika, nikasema watu wa namna hiyo ndiyo maana hawana wa kuwajua. Shemeji akafunga kompyuta.

"Shemeji, chagua. Maswali yako, au kwenda Nyegina kumwomba mama spika. Nikupeleke mimi mwenyewe, nina nafasi leo, na nitakaa kiti cha mbele nisikie."

Tukabakiza swali moja. Ukibonyeza kujifuta, app inakuuliza tu: UMEAGA NYUMBANI? Ukijibu ndiyo, unaondoka. Ukijibu hapana, inakwambia kaage kwanza. Na kwa ajili ya yule mke tuliongeza jambo lingine, kwa amri ya mwenyekiti: mke mgeni haanzi kwa kumaliza samaki wa ukweni, kwa hiyo hawezi kuagiza zaidi ya kilo moja.

Tulituma Wiki Kuu ikiwa imeshaanza. Yule wa spika alikuwa ameanza kupita Butiama asubuhi na jioni, na niliambiwa anapunguza mwendo akifika sokoni. Mimi nilikuwa Kibara nahesabia barafu huku moyo uko Nyasho. Jumatano, shemeji akapiga.

"Tajiri," akasema. Hajawahi kuniita tajiri. "Imepita."

Nilirukaruka pale mwaloni, mtu mzima na tumbo langu, mpaka wavuvi wakadhani nimeumwa na kitu.

"Mkaguzi aliingia," shemeji akaendelea, "akaagiza kilo moja, akaghairi. Halafu akabonyeza kujifuta. Akaulizwa kama ameaga nyumbani, akajibu ndiyo. Akafutika. Dakika hiyo hiyo wakakubali."

Alhamisi Kuu nilipanda kirikuu mwenyewe. Simu iliandika Butiama, kwa herufi kubwa, na dereva aliisoma kwa sauti kila tulipofika njia panda. Sokoni walitupokea kwa vigelegele. Sangara walishushwa wagumu kama kuni, kila mwanamke kwa jina lake, na hakuna aliyekosa. Tukiwa tunashusha, yule wa spika akapita. "Bado anahema!" akapiga kelele, polepole, akituchungulia. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nilipunga mkono, kwa upole, kama mtu anavyompungia anayebaki kituoni.

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni na simu yake mkononi.

"Tajiri, mke wangu simwoni."

Nikamweleza kwamba kazi yake imekwisha, ameondoka, na kwa utaratibu kabisa, aliulizwa kama ameaga nyumbani akasema ndiyo.

"Amemuaga nani?"

Nikatoa simu yangu nimwonyeshe lile swali.

"Mimi ndiye nyumbani kwake. Mimi hajaniaga." Akawageukia wenzake. "Kuna aliyeagwa hapa?"

Hakuna aliyeagwa.

"Mke akiondoka bila kuaga, aliyepokea mahari anafanyaje, tajiri?"

"Anamrudisha, mama. Au anarudisha mahari."

"Sawa. Sherehe njema ya Pasaka."

Nikamwambia dereva awashe gari. Jumatatu ya Pasaka nilirudi Butiama na jogoo, nimemnunua Bunda kwa kumchagua mwenyewe, amekaa mbele kati yangu na dereva, mkia wake unanigusa sikio. Mwenyekiti alimpokea, akampima kwa mkono, akamgeuza akamwangalia chini ya mbawa.

"Yule alikuwa mwekundu," akasema.

"Wekundu walikuwa wamekwisha, mama."

Akamweka chini. Akaniambia nikae.